Nyumba Zisizo na Uwani

Kwetu Wingwi, upande wa kaskazini mashariki wa kisiwa cha Pemba, mtu akiazimu kujenga nyumba huutazama upepo kabla ya kuutazama mfuko wake: husimama kiwanjani asubuhi, akasimama tena jioni, mpaka akajua kusi hupigia wapi na kaskazi huingilia wapi, ndipo akapima pa kuweka mlango, akaacha nafasi ya baraza mbele na nafasi ya uwani nyuma, na baina ya viwili hivyo akapachika ukumbi na vyumba. Baraza ni ya wanaume na wapita njia, uwani ni wa wanawake na watoto na jungu na kinu. Na mgeni mwenye adabu huijua mipaka hiyo bila ya kuambiwa, kwa kuwa nyumba yenyewe humwambia. Zamani viambaza vilikuwa vya fito na udongo wa kukandika na paa lilikuwa la makuti, na leo aghalabu ni matofali na bati, lakini mpango umebaki ule ule, na mzee aliyekufa miaka sitini iliyopita lau angefufuliwa usiku asingekosea njia ya kwenda chooni.

Mimi nilizaliwa katika nyumba ya viambaza ya namna hiyo, na kwa hiyo nilipokuwa mdogo nikaambiwa kuwa tunakwenda Mtemani kumzuru jamaa yetu mgonjwa, sikuona ajabu yoyote, kwani Mtemani ni katika mitaa ya Wingwi, na nilidhani tutakwenda kwa miguu na kurudi kabla ya magharibi. Kumbe Mtemani iliyokusudiwa ilikuwa ya Wete. Gari ilipotushusha kwenye mwingilio wa mji, niliona mbele yangu kuta ndefu zilizopangwa moja nyuma ya nyingine, nyeupe zilizoingia kijivu, zimetobolewa madirisha yaliyo sawasawa mithili ya vishimo vya bao. Nikaanza kuyahesabu madirisha yale, nikapotelewa na hesabu, nikaanza upya, mpaka marehemu mama akanivuta mkono. Jamaa yetu alikuwa akikaa juu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ngazi za zege, na nilipofika juu nikachungulia chini kwenye roshani niliona utosi wa mtu kwa mara ya kwanza pasi na kuwa nimepanda mnazi.

Nyumba zile watu huziita nyumba za maendeleo, na wengine huziita flati. Nilizipita kwa miaka mingi bila ya kuzitazama, kama mtu anavyoupita mlango wa msikiti wa mtaani kwake, mpaka nilipopata kusoma habari za mji mmoja wa mbali, nikaona haya.

Katika jimbo la Indiana, huko Marekani ya kati ambako ni mahindi mpaka upeo wa macho, uko mji uitwao Columbus, wenye watu takriban 50,000, ambao lau si majengo yake basi asingeshuka hapo msafiri ila mwenye jamaa yake. Jamaa ya Wakristo wa mji huo walimwomba msanifu wa majengo kutoka Finland, Eliel Saarinen, awajengee kanisa, naye kufikia mwaka 1942 akawa amewajengea sanduku la matofali lililonyooka, lisilo na nakshi wala tao, na mnara wake umesimama kando peke yake kama mtu aliyeudhika. Alikuwapo mjini tajiri mmoja kijana, J. Irwin Miller, mkuu wa kiwanda cha injini za dizeli cha Cummins, ambaye alilipenda jambo lile likamkaa moyoni. Na kiwanda chake kikaweka wakfu kwa sharti la ajabu, kwamba mji ukitaka kujenga skuli, na ukakubali kumchagua msanifu katika orodha ya mabingwa watakaotajwa, basi ujira wa msanifu huyo utalipwa na wakfu, na gharama ya jengo utaibeba mji wenyewe. Skuli ya kwanza ya mpango huo ilimalizika 1957, kazi ya Harry Weese. Zikafuata nyingine, na vituo vya zimamoto, na maktaba ya mwaka 1969 iliyosanifiwa na I. M. Pei, na Eero Saarinen, mtoto wa yule Eliel, ambaye kabla ya hapo alikuwa ameujengea mji benki ya vioo, akamjengea Miller nyumba yake, na mwisho akachora kanisa lenye pembe sita na mnara mwembamba kama sindano, ambalo hakujaaliwa kuliona, kwani alifariki 1961 na kanisa likafunguliwa 1964. Leo watu huja kutoka nchi za mbali, hulipa nauli, hupandishwa basi, wakazungushwa mjini kuonyeshwa skuli na benki na kituo cha zimamoto, na mwenye kuwaongoza huwasimulia nani alichora nini na mwaka gani.

Nikajiuliza: zama zile zile sisi tulikuwa tukijenga nini? Na jawabu lilikuwa lile ambalo nimelipita maisha yangu yote nikielekea sokoni Wete. Basi nikaazimu kufanya kwetu matembezi kama ya watu wale, ijapokuwa hapana basi la kuzungusha wageni wala mwenye kuwaongoza, nikatoka Wingwi alfajiri kwa gari ya abiria, nikiwa na daftari na chupa ya maji.

Mtemani ya Wete sikuikuta kama nilivyoiacha utotoni, wala sikuikuta imeharibika kama wasemavyo watu. Rangi imebambuka, na pahala pengine nondo zimechomoza nje ya zege kwa kutu ya upepo wa bahari, lakini nyuzi za kuanikia nguo zimejaa kanga za kila rangi, na mbele ya milango ya chini wenyeji wamejitilia vibaraza vya saruji, vingine vimeezekwa makuti, ambavyo msanifu hakuvichora wala hakupata kuviota. Bibi mmoja alikuwa ameketi kwenye kibaraza kimojawapo akichambua mchele. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza natoka wapi, na nilipomwambia Wingwi alinikaribisha kama jamaa. Nilimuuliza kama anaipenda nyumba yake. Alifikiri kidogo, mkono ukizunguka katika ungo, akasema: “Nzuri, mwanangu. Mvua haituingilii, moto hatuuogopi. Bali haina uwani.”

Maneno hayo matatu ya mwisho nimeyachukua safari nzima, na sijasoma katika maandishi ya mabingwa hukumu iliyo fupi na yenye insafu kuliko hiyo. Nyumba isiyo na uwani humlazimisha mwanamke kupika kwa mkaa kwenye roshani, moshi ukamrudia chumbani. Humlazimisha kushusha kinu ngazi mbili tatu ili atwange, au aache kutwanga. Hamna pa kuoshea maiti kwa stara, hamna pa kuweka kuku, na harusi ikiwa, wageni wa kike hawana pa kuketi isipokuwa nje machoni pa watu. Wachoraji wa nyumba hizi hawakuwa watu waovu, walikuwa mafundi wenye ilimu, walioijua hesabu ya zege na nondo kama mwalimu wa chuoni anavyoijua juzuu ya amma. Ila walitoka katika nchi ambayo baridi humfukuzia mtu ndani na jiko huwekwa ndani, wakachukua nyumba ya huko wakaileta katika nchi ambayo joto humfukuzia mtu nje na jiko huwekwa nje.

Kutoka Wete nilishuka Chake Chake kwa njia ya vilima na mikarafuu, nikaziona flati za Madungu, ambazo sitazisimulia kwa urefu kwa kuwa ni ndugu wa zile za Wete, kisha nikaendelea mpaka Mkoani, ambako majumba yamekaa juu ya kilima na msafiri anayeingia bandarini huyaona kabla ya kuuona mji wenyewe. Vitabu vya watalii vina desturi ya kuyataja majumba hayo kwa dharau, kwamba ni mabaya na yanaharibu mandhari ya kisiwa; na mimi, niliyekwisha kusoma namna kituo cha zimamoto cha Columbus kinavyosifiwa, nilistaajabu jinsi ukuta ule ule mtupu usio na nakshi unavyoitwa hikima ukiwa Indiana na ukaitwa balaa ukiwa Mkoani.

Usiku ule nilipanda meli ya kwenda Unguja, na kwa kuwa usingizi haukuja, nilijisomea daftari langu nikazipanga habari kama ifuatavyo.

Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiweka nchi mikononi mwa Sheikh Abeid Amani Karume, na serikali yake ilikuwa miongoni mwa za mwanzo nje ya kambi ya kikomunisti kuitambua Ujerumani ya Mashariki, dola ambayo wakati huo ilikuwa ikitafuta marafiki kwa taa mchana. Ujerumani ya Magharibi ilikuwa na kanuni ya kumhama kila anayemtambua ndugu yake yule, na baada ya Muungano wa 26 Aprili 1964 jambo hilo likawa mwiba katika mguu wa Mwalimu Nyerere: mwaka 1965 aliwaruhusu Wajerumani wa Mashariki wabaki na konseli badala ya ubalozi, na Wamagharibi walipoondoa msaada wao wa kijeshi kwa hasira, naye akawaambia wachukue na uliobaki. Katika mvutano huo wa wakubwa wawili Zanzibar ilipata nyumba. Wajerumani wa Mashariki walitaka kuonyesha Afrika nzima kwamba urafiki wao unakalika, una ngazi na dirisha na bomba la maji, na wakaanza kujenga Kikwajuni, kisha Kilimani.

Lakini nyumba hizo hazikuangukia pahala patupu. Ng'ambo, yaani upande wa pili wa ile hori iliyokuwa ikiutenga Mji Mkongwe na makazi ya watu wa kawaida, ilikuwa na historia yake ndefu ya nyumba na ugomvi wa nyumba. Mwingereza Lanchester aliandika mpango wake wa mji mwaka 1923, akapanga mengi kwa ajili ya bandari na barabara. Na mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, ambao walimiliki viambaza vyao lakini hawakumiliki ardhi iliyo chini yake, waligoma kulipa kodi ya kiwanja, wakashikamana wanaume kwa wanawake mpaka wenye viwanja na serikali wakatikisika. Baada ya Vita Vikuu vya pili Waingereza walijenga pale Raha Leo, jina ambalo wenyeji hawakuacha kulifanyia mzaha, wakiuliza raha ya kesho imewekwa wapi. Basi Karume aliposema kwamba watu wa Ng'ambo watakaa katika majumba mapya, na kwamba aliyebomolewa kibanda atapewa flati, alikuwa akizungumza na watu waliokuwa wakilidai jambo hilo tangu zamani za baba zao, na ardhi ilikuwa imekwisha kuwa mali ya serikali. Sitakubaliana na wale wanaoiona kazi hiyo kuwa ni kiburi cha mtawala tu.

Mwaka 1968 Mjerumani wa Mashariki Hubert Scholz alimaliza kuchora mpango mpya wa mji. Kutokana na fikira za wakati huo yalizaliwa majumba ya Michenzani, ambayo ujenzi wake ulishika kasi katika miaka ya 1970: majumba kumi, kila moja likiwa na urefu wa mita 300 hivi, yaliyopangwa kandokando ya barabara mbili pana zinazokutana kama msalaba katikati ya Ng'ambo. Watu waliitwa kazini kwa jina la kujitolea, na wapo waliokwenda kwa moyo mkunjufu, na wapo waliokwenda kwa kuogopa jina lao lisikosekane daftarini. Nimezungumza na wa namna zote mbili, na wote wawili hujivunia tofali walilobeba. Karume hakuyaona yamekamilika. Aliuawa tarehe 7 Aprili 1972, na kazi ikaendelea chini ya Sheikh Aboud Jumbe.

Na sisi wa Pemba tusisahau, tunapoyasifu majengo ya zama hizo, kwamba miaka hiyo ya nyumba mpya ndiyo ilikuwa miaka ya foleni, ambamo wazee wetu walisimama tangu usiku kungojea vibaba vya mchele na unga. Na mtu aliyekuwa na njaa Wingwi hakushibishwa na roshani ya Wete. Nalitaja hili si kwa kufufua uhasama, bali kwa kuwa historia ya jengo isiyomtaja mwenye njaa aliyelipita ni nusu ya historia.

Meli ilitia nanga Malindi kukipambazuka, nikapita Forodhani kwa miguu ili nilione lile jengo la Beit al-Ajaib lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, fahari ya Mji Mkongwe ambao tangu mwaka 2000 umo katika orodha ya urithi wa dunia. Na nilichokikuta ni jengo lenye jeraha, kwa maana upande wake uliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, ukaua watu. Nilisimama hapo kitambo. Kisha nikavuka Darajani nikaingia Ng'ambo, nikayakuta majumba ya Michenzani, yasiyomo katika orodha hiyo, yamesimama wima na watu wamejaa ndani yake.

Wenyeji huyaita treni, na hakuna jina lililolingana na kitu kuliko hilo. Ukisimama kwenye mzunguko wa katikati ukatazama njia yoyote katika zile nne, jumba linakwenda, behewa kwa behewa, dirisha kwa dirisha, mpaka jicho linachoka kabla yake. Hayana lifti. Maji kwa miaka mingi hayakuwa na nguvu za kupanda mpaka juu, na ngazi zimelika katikati kwa nyayo za watoto na akina mama waliopandisha ndoo. Lakini chini ya treni hizo mji mzima umejitengenezea uwani wake: mafundi cherehani, wauza urojo, vinyozi, wacheza karata, maduka ya simu, na wazee juu ya mabaraza ya kutengeneza wenyewe wakisikiliza habari za saa mbili. Kile ambacho msanifu alikisahau juu, wakaazi wamekirudisha chini. Nami naona kwamba, kwa hesabu ya haki, majumba haya yalisanifiwa mara mbili, mara ya kwanza kwa kalamu na Wajerumani, mara ya pili kwa makuti na mbao na Wazanzibari, na hiyo mara ya pili ndiyo iliyoyafanya yakalike.

Hapa ndipo nilipomkumbuka tena yule tajiri wa Columbus. Alikuwa na fedha za kuweza kuujengea mji wake anachotaka, akachagua kulipa ujira wa msanifu tu, na kuwaachia wenye skuli waketi, wabishane, wakatae na wakubali, kisha walipie jengo lao. Na kwa hivyo wanapoliona linaingia nyufa hulikimbilia kama mtu anavyokimbilia paa lake linalovuja. Ule mnara wa kanisa la 1942 ulipoharibika, watu walichangishana ukatengenezwa. Nisije nikatia chumvi: lile kanisa la sindano la 1964 waumini wake walipungua mpaka jamaa yao ikavunjika mwaka 2022, na mji ukabaki na kazi ya kulitafutia jengo lile matumizi mengine, kwa hiyo hata huko msanifu hodari hakuwazuilia watu kuondoka. Kwetu flati ilitoka juu kama mvua, ikapokewa kwa shukrani, na kitu kilichotoka juu watu hungojea juu kukitengeneze. Bomba likipasuka wa chini humtazama wa juu, wa juu huitazama serikali, na serikali ina mabomba mengine. Dola iliyoyachora majumba hayo nayo imekwisha, ilifutika tarehe 3 Oktoba 1990, na hapana wa kumwandikia barua kwamba paa linavuja.

Hata hivyo majumba haya yameanza kuandikwa. Idara ya mipango miji ilishirikiana na wataalamu wa Uholanzi katika mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, na mwaka 2019 kikatoka kitabu kikubwa cha ramani na picha za Ng'ambo, ambamo treni za Michenzani zimepewa heshima yao. Lakini habari za Pemba yetu ndani ya maandishi hayo ni chache mno, kana kwamba flati zilizovuka bahari zilizama njiani.

Nilimaliza matembezi yangu Kilimani, penye zile nyumba za miaka ya mwanzo zilizokabili bahari, ambako upepo hupita mwanana na miti iliyopandwa zamani imezidi urefu wa madirisha, na kwa macho yangu hizo ndizo nzuri kuliko zote, kwa sababu zimekaa kwa nafasi na ardhi iliyo baina yake imegeuka kuwa uwani wa watu wote. Hatua chache kutoka hapo ndipo zilipo Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Basi nawaomba wasomaji wangu wa Wete, wa Chake, wa Mkoani na wa kwetu Wingwi: aliyepewa ufunguo siku ya kwanza, au aliyebeba tofali, au mwenye picha ya babu yake amesimama kwenye ngazi mpya na koti la kuazima, asiiache picha hiyo iliwe na mchwa sandukuni. Aipeleke Kilimani, na nyuma yake aandike jina la mahali na mwaka.